Namna ya kukisaka kihamaji kilichojificha ndani ya jeni

Faili lenyewe lilikaa mezani kwangu miezi minane. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa kurithi wa ile aina ambayo haitokei mpaka nakala zote mbili za jeni ziharibike, ya baba na ya mama. Dalili zilikuwa wazi, daktari wake alishaandika jina la ugonjwa kabla damu haijatufikia. Nakala ya baba tuliikamata siku ya kwanza: herufi moja imebadilika, hakuna wa kubisha. Nakala ya mama ilionekana safi. Nikaandika kwenye ripoti "badiliko la pili halikuonekana", nikashika kazi nyingine.

Mwalimu aliyenifundisha uchambuzi wa jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, mtu wa maneno machache, alikuwa akipitia ripoti zangu za nyuma. Akaweka kidole kwenye hiyo.

"Binti, hili faili umelitazama?"

"Nimepitisha programu zote, mwalimu."

"Sijauliza programu. Nimeuliza macho."

Nilipolifungua ilinichukua dakika ishirini. Katikati ya eksoni, sehemu ya jeni inayobeba maelekezo ya protini, vipande kadhaa vya DNA vilikatika vyote mahali pamoja, na kila kimoja kilikuwa na ncha inayoning'inia isiyolingana na chochote jirani yake. Ncha hizo zilianza na herufi zilezile: GGCCGGGCGC. Anayeshughulika na jenomu ya binadamu anapaswa kuzitambua herufi hizo hata akiamshwa usiku wa manane. Hicho ni kichwa cha Alu, mmoja wa vihamaji, yaani vipande vya DNA vinavyohama. Miezi minane kilikuwa kinanitazama.

Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mtu mwenye faili kama langu: ugonjwa unajulikana, jeni inashukiwa, na programu za kawaida zimerudi mikono mitupu.

Kijue kwanza unachokisaka

Vihamaji ni vipande vya DNA vinavyoweza kujing'oa mahali pamoja na kujipachika pengine, au kubaki palepale na kutuma nakala yao ikapachikwe kwingine. Vitabuni utavikuta kwa jina la transposoni. Barbara McClintock alivigundua kwenye mahindi miaka ya 1940 kwa kufuatilia madoa ya rangi kwenye punje. Wengi hawakujua waifanyie nini habari hiyo, na Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, akiwa na miaka 81.

Karibu nusu ya jenomu yako imetokana na vihamaji. Usiogope: sehemu kubwa sana ni mizoga. Transposoni za DNA, zile za kujing'oa na kuhama mzimamzima, zilikoma kuhama katika ukoo wetu zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Mabaki ya virusi vya kale yanafikia takriban asilimia 8 ya jenomu, nayo kwa kazi hii huwa nayaweka mwisho wa orodha. Wanaohama bado kwa binadamu ni watatu, na ndio wa kuwajua kwa sura.

L1 ndiye mwenye gari. Akiwa mzima ana herufi 6,000 hivi, na hubeba maelekezo ya protini mbili. Mojawapo inafanya kazi mbili kubwa: kukata DNA, na kunakili RNA (nakala ya muda inayotolewa kwenye DNA) kuirudisha kuwa DNA. Tunazo nakala zake kama 500,000, lakini nyingi zimekatika kichwa au zimechakaa. Zenye uwezo wa kuhama ni kama 80 hadi 100 tu kwa mtu mmoja. Alu ana herufi 300 hivi, hana protini hata moja, hudandia gari la L1, na kwa udandiaji huo amefikisha nakala zaidi ya milioni moja. SVA ni mchanganyiko wa vipande vilivyounganika, kwa kawaida herufi elfu mbili hivi, naye ni mdandiaji. Mara chache hata RNA ya jeni ya kawaida hujikuta ndani ya gari hilo, ikapachikwa kwenye kromosomu bila introni zake, zile sehemu za kati ya eksoni zinazokatwa RNA inaposhonwa. Ukikuta eksoni zimeungana ndani ya DNA bila introni kati yake, ni hiyo.

Je, kuhama huku hutokea mara ngapi? Makadirio kutoka kwenye familia zilizosomwa jenomu nzima, yaliyochapishwa mwaka 2019, ni Alu mpya moja kwa kila watoto 40 wanaozaliwa, na L1 moja na SVA moja kwa kila watoto 63. Si jambo la kila siku, wala si muujiza. Kwenye maabara inayopokea mafaili mengi, vipo. Swali ni kama unaviona.

Nyayo zake

Hapa nitakaa, kwa sababu ukizielewa nyayo, programu zinakuwa wasaidizi tu.

Protini ya L1 haikati popote. Hupenda mahali ambapo uzi mmoja wa DNA una TTTT ikifuatwa na AA. Hukata hapo, kisha zile T nne zilizoachwa wazi zinashikana na mkia wa A nyingi ulio mwishoni mwa RNA ya kihamaji. Kuanzia hapo unakili unaanza: RNA inasomwa kutoka mkiani kwenda kichwani, DNA mpya inajengwa moja kwa moja kwenye kromosomu. Baadaye uzi wa pili unakatwa pia, lakini si sambamba na wa kwanza. Unakatwa mbele kidogo, kwa kawaida herufi 7 hadi 20. Pengo hilo linapojazwa, herufi zilizokuwa kati ya mikato miwili zinajirudia, mara moja kila upande wa mgeni.

Mfano niliotunga. Kabla:

CCATTAAAAGAATGCATCGGTC

Baada ya Alu kuingia:

CCATT AAAAGAATGCATC GGCCGGGCGC……AAAAAAAAAAAA AAAAGAATGCATC GGTC

Tazama mambo matatu. Kipande AAAAGAATGCATC, herufi 13, kilikuwa kimoja na sasa ni viwili. Mgeni ana mkia wa A upande mmoja. Na mahali penyewe, ukisoma uzi wa pili, ni TTTT na AA. Marudio, mkia, mkato: yakitimia yote matatu, huyo ni abiria wa gari la L1. (Usibishane na mtu kuhusu ni A ipi ya mkia na ipi ya marudio. Haijulikani, na haidhuru.)

Sasa fikiria mashine imesoma DNA hiyo kwa vipande vya herufi 150, na programu ikajaribu kuvipanga juu ya jenomu rejea, ile ya kulinganishia, ambayo haina Alu mahali hapo. Vipande vya kushoto vitalingana mpaka kwenye …GCATC, kisha vitaning'iniza GGCCGGGCGC. Vipande vya kulia vitaning'iniza A tupu, kisha vitaanza kulingana kwenye AAAAGAATG. Kwa hiyo makundi hayo mawili hayaachani. Yanapandana kwa herufi 13. Jambo hili lilinichanganya nilipoanza. Pale DNA inapokuwa imefutika, kuta mbili zinakuwa mbalimbali. Kwa kihamaji, kuta zinavukana, na kwenye herufi zile za marudio idadi ya vipande huinuka kama kinundu kidogo. Nikiona kinundu hicho chenye ncha zinazoning'inia pande zote mbili, najua nimefika.

Kuna upotovu wa aina mbili wa kuutarajia. L1 mara nyingi hukatika kichwa kabla unakili haujaisha, kwa hiyo usitafute kichwa chake. Tafuta mkia, na upande wa pili ukubali kipande chochote cha mwili wake. Pia wakati mwingine L1 hubeba mzigo wa jirani: unakili unapitiliza mwisho wake na kuchukua DNA ya pale alipotoka. Programu ikiona mzigo huo itakuambia kromosomu mbili zimebadilishana vipande. Kabla hujaandika taarifa ya kutisha kama hiyo, angalia kama kuna mkia wa A.

Fungua faili ghafi

Kosa langu la miezi minane halikuwa uvivu wa kutumia programu. Programu za kawaida za kutafuta mabadiliko zimetengenezwa kuona herufi moja iliyobadilika, au herufi chache zilizoongezeka au kupungua. Mgeni wa herufi 300 aliye na nakala milioni moja kwingineko hana pa kupangwa. Mashine husoma kila kipande cha DNA kutoka ncha zote mbili, na masomo hayo mawili ni pacha. Ncha za mgeni zinakatwa, pacha zake zinapewa alama sifuri ya uhakika, kisha vichujio vinazifagia. Orodha ya mabadiliko unayopokea mwishoni ni safi kwa sababu ushahidi ulishatupwa njiani. Kwa hiyo usianze na orodha. Anza na faili la BAM, lile lenye vipande vyote, na hakikisha aliyekutangulia hakuondoa vyenye alama ndogo ya ulinganifu wala hakukata ncha moja kwa moja.

Pitisha programu iliyotengenezwa kwa kazi hii. Nimetumia MELT na xTea kwa jenomu nzima, na SCRAMble kwa data ya eksoni peke yake, kwani hiyo hutafuta hasa mikusanyiko ya ncha zilizokatika. Pitisha mbili, si moja. Zinapokubaliana naanza kutazama hapo. Zinapopingana natazama pia, ila kwa shaka zaidi. Kama una jeni moja au mbili tu zinazoshukiwa, kusema kweli macho yanatosha: fungua IGV, programu ya kutazama vipande kwa macho, washa kitufe cha kuonyesha herufi za ncha zilizokatwa, tazama vipande kwa jozi, na uvipake rangi kulingana na kromosomu aliko pacha. Kihamaji kinajitangaza. Vipande vilivyo kandokando ya mpachiko vina pacha walioangukia ndani ya kihamaji, na kwa kuwa programu haijui ni nakala ipi kati ya milioni, imewatawanya kila kromosomu. Skrini inakuwa kama kanga ya rangi zote, mahali pamoja, pande mbili zikielekeana. DNA ikiwa imesomwa mara 30, usitegemee thelathini: nusu ya vipande ni vya kromosomu nzima isiyo na mgeni, na vinavyogusa mpaka wenyewe ni vichache zaidi.

Kisha chukua ncha inayoning'inia, iingize kwenye RepeatMasker au Dfam, zinazotambua vihamaji vinavyojulikana, uone ni ya nani. Hapa umri una maana. Alu zinazohama leo ni vijana wa koo chache, hasa AluYa5 na AluYb8. L1 inayohama ni ile iitwayo L1HS. Ukijibiwa AluJ au AluSx, wazee wa mamilioni ya miaka, simama. Huenda ni kipande kilichonakiliwa kutoka jirani, au ni takataka ya maandalizi ya maabara. Mkia wa A peke yake nao haushawishi. Mashine hukosea sana kwenye herufi zinazojirudia.

Na jambo hili limewahi kunipotezea wiki nzima: jenomu rejea si jenomu ya kila mtu. Nayo ina Alu ambazo baadhi ya watu hawana. Kwa mtu kama huyo programu itaandika kwamba amepoteza herufi 300 hivi. Hajapoteza kitu, ana hali ya asili, na rejea ndiyo yenye mgeni. Ukiona ufutikaji wa ukubwa huo, pima mipaka yake. Ikilingana sawasawa na AluY na nakala moja ya marudio yake, funga ukurasa huo.

Uthibitisho ni PCR, njia ya kunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi na kukipima urefu kwenye jeli, na PCR nayo ina hila zake. Praima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili, ziwe nje ya mpachiko, pande zote mbili, uone ukanda mfupi wa kromosomu isiyo na mgeni na mrefu wa ile yenye mgeni. Tatizo ni kwamba kipande kifupi hunakiliwa kwa urahisi zaidi, kikammeza mrefu. Ongeza muda wa unakili, na weka praima ya tatu iliyo ndani ya kihamaji ili kromosomu yenye mgeni ipate mbio zake yenyewe. Kuna mfano maarufu: Alu iliyojipachika kwenye eksoni ya 3 ya BRCA2, inayopatikana hasa kwenye familia zenye asili ya Ureno, na inayoleta hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Vipimo vingi vya kawaida viliipita, kwa sababu hiyohiyo ya kipande kifupi kushinda. Familia ziliambiwa BRCA2 yao ni safi.

Ukipata mashine inayosoma vipande virefu, vya maelfu ya herufi, nusu ya hila hizi haina kazi: kipande kimoja kinavuka kihamaji chote na kukuonyesha kichwa, mwili, mkia na marudio. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi walioko kwenye kabati zetu walisomwa kwa vipande vifupi.

Kukiona si kukitia hatiani

Ukikilinganisha na jenomu rejea, kila mtu mzima wa afya ana Alu elfu moja hivi ambazo rejea haina, na L1 na SVA kadhaa juu yake. Kwa hiyo kupata kimoja ndani ya jeni inayoshukiwa bado ni tetesi.

Swali la kwanza: je, wengine wanacho? Angalia hazina za mabadiliko makubwa, kama gnomAD na Mradi wa Jenomu 1000. Mpachiko ulio kwa mtu mmoja kati ya ishirini hausababishi ugonjwa adimu wa utotoni. Swali la pili: wazazi? Kisipokuwepo kwa yeyote kati yao, kimeingia upya, na uzito wake unapanda. Ndivyo ilivyokuwa kwenye kesi iliyofungua mlango huu wote. Mwaka 1988 kundi la Haig Kazazian lilichunguza wagonjwa 240 wa hemofilia A (damu kutoganda vizuri) wasio na undugu, likakuta wawili wenye L1 kwenye eksoni ya 14 ya jeni ya faktari VIII. Wazazi hawakuwa nazo. Kabla ya hapo ilidhaniwa L1 za binadamu ni historia.

Swali la tatu, mahali. Ndani ya eksoni, hoja ni nyepesi: mgeni anavunja usomaji wa protini. Ndani ya introni ndipo watu wanapokosea kwa pande zote mbili. Wengine wanasema "ni introni, haina neno", wengine wanashangilia mapema. Jibu liko kwenye RNA. Chukua RNA ya mgonjwa kutoka kwenye tishu ambayo jeni hiyo inafanya kazi, igeuze kuwa DNA, fanya PCR kutoka eksoni ya kabla hadi eksoni ya baada, uone kama eksoni imerukwa au kipande cha kihamaji kimeshonewa ndani. Mwaka 1991 iliripotiwa Alu kwenye introni ya jeni ya NF1, ikisababisha eksoni kurukwa na mgonjwa kupata neurofibromatosi, ugonjwa wa uvimbe kwenye neva. SVA nazo zina tabia ya wizi: hubeba alama zinazofanana na mwanzo wa eksoni, RNA ikadanganyika ikashonea hapo. Kule Japani, ugonjwa wa Fukuyama wa kudhoofika kwa misuli hutokana na SVA ya herufi elfu tatu hivi iliyoko mwishoni mwa jeni ya fukutini, ikiiba namna hiyo. Ufilipino, kwenye familia zenye asili ya kisiwa cha Panay, SVA iliyo ndani ya introni ya TAF1 huleta ugonjwa wa mikazo ya misuli unaofanana na Parkinson. Mle ndani kuna herufi CCCTCT zinazojirudia, na kadiri marudio yanavyokuwa mengi ndivyo ugonjwa unavyoanza mapema.

Hakuna kesi niliyoisoma kwa wivu kama ile iliyoripotiwa mwaka 2019. Mtoto mwenye ugonjwa wa Batten, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, badiliko moja limeonekana, la pili halionekani. Sawa kabisa na faili langu. Waliposoma jenomu nzima na kuangalia ncha zinazoning'inia, wakakuta SVA ndani ya introni ya MFSD8 ikiiba ushonaji wa RNA. Wakatengeneza dawa ya herufi 22 ya kuziba mahali pa wizi, kwa ajili ya mtoto huyo mmoja, na mwanzoni mwa 2018 akaanza kuipata. Degedege zilipungua, ingawa ugonjwa wenyewe haukuondoka. Kilichoniuma ni kwamba dawa ya namna hiyo haiwezi hata kufikiriwa mpaka mtu akione kihamaji.

Usisahau pia vihamaji visivyohama. Alu mbili zilizo jirani, zinazofanana, zinaweza kudanganya kromosomu zinapojipanga. Kromosomu zikabadilishana mahali pasipo pake, na kila kilichokuwa kati ya Alu hizo kikafutika au kurudiwa. Jeni ya LDLR, ambayo ikiharibika huleta kolesteroli nyingi ya kurithi, imejaa Alu na imejaa pia mafutiko ya aina hii. Hapo nyayo ni tofauti: hakuna mkia mpya wala marudio, ila ncha mbili za ufutikaji ziko ndani ya Alu mbili na zinashiriki herufi kadhaa.

Kwenye saratani kuwa mgumu zaidi. Uvimbe mwingi wa utumbo mpana, umio na mapafu una L1 zilizoamka, na nyingi ni abiria tu, hazikuanzisha kitu. Ile ya mwaka 1992 ndani ya jeni ya APC, kwenye saratani ya utumbo mpana, ilihesabiwa kuwa na hatia kwa sababu iliivunja jeni ambayo tayari inajulikana kwa kazi hiyo. Linganisha daima na damu au tishu nzima ya mgonjwa huyohuyo.

Ikiwa faili lako ni la bakteria

Sahau mkia wa A. Huko vihamaji vingi hujing'oa au kujinakili vikiwa DNA, na alama zao ni marudio yaliyogeuzwa kwenye ncha mbili, pamoja na marudio mafupi ya mahali pa mpachiko. Kwa kihamaji kiitwacho IS26 ni herufi 8, kwa kingine, Tn10, ni 9. Swali lenyewe hubadilika: huulizi kimevunja nini, unauliza kimebeba nini na kimepanda nini. Jeni ya mcr-1, inayoleta usugu dhidi ya kolistini, dawa ya kuua bakteria, na iliyotangazwa mwaka 2015 kutoka Uchina, ilikutwa kwenye plasmidi (duara dogo la DNA nje ya kromosomu ya bakteria) ikiwa na jirani aitwaye ISApl1 anayeihamisha. Ripoti inayotaja jeni ya usugu bila kutaja majirani zake imeacha nusu ya habari. Na kwa kuwa kihamaji kilekile hukaa mahali kumi ndani ya bakteria mmoja, vipande vifupi haviwezi kukuambia jeni iko kwenye kromosomu au kwenye plasmidi. Hapo soma vipande virefu, hakuna njia ya mkato.

Zoezi: nyayo za miaka milioni 25

Wanafunzi wangu nawapa zoezi hili kabla sijawagusisha faili la mgonjwa. Fungua kivinjari cha jenomu cha UCSC, tafuta jeni ya TBXT, washa safu ya RepeatMasker. Kwenye introni ya 6 utaona AluY. Kwenye introni ya 5 kuna AluSx1, imetazama upande wa pili. Sasa washa ulinganisho wa wanyama wengine: AluY hiyo iko kwa sokwe, gorila, orangutani na giboni, lakini kwa nyani wenye mikia haipo. Nawauliza: mgonjwa angekuja na AluY mpya ndani ya introni, mbali na mipaka ya eksoni, mngeandika nini? Karibu wote husema haina madhara.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba Alu hizo mbili, kwa kuwa zimeelekeana, hushikana ndani ya RNA na kulikunja umbo, eksoni ya 6 ikabaki kwenye kitanzi na mara nyingine ikarukwa. Panya waliotengenezwa ili waruke eksoni hiyo walizaliwa na mikia mifupi au bila mkia kabisa. Huenda ndiyo sababu unakaa kwenye kiti bila shida. Jambo lilelile tunaloliita ugonjwa kwenye NF1, hapa limekuwa umbo la ukoo mzima.

Nikishawaonyesha hiyo, mengine huja yenyewe. Kihamaji kikishapachikwa hakijui kurudi, na uwezekano wa kingine kuingia kwenye herufi ileile kwa wanyama wawili tofauti ni mdogo mno; kwa hiyo wanaoshiriki mpachiko mmoja wana babu mmoja. Kwa hoja hiyo, mwaka 1999, ilionekana kwamba ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi aliye hai ni kiboko. Umri nao unahesabika: kadiri herufi za nakala zinavyotofautiana na kielelezo cha ukoo wake, ndivyo ilivyo ya zamani. Njegere zenye makunyanzi alizozitumia Mendel zilikunjamana kwa sababu kihamaji cha herufi 800 hivi kiliingia kwenye jeni ya kutengeneza wanga. Nondo weusi wa Uingereza waliotawala enzi za moshi wa viwanda walipata weusi wao kutokana na kihamaji cha herufi karibu 22,000 ndani ya jeni iitwayo cortex. Na wengine wamepewa kazi ya kudumu: RAG1 na RAG2, zinazokata na kuunga jeni za kingamwili zetu, zina asili ya transposoni; nayo sinsitini, protini inayounganisha seli za kondo la nyuma, ilikuwa ya virusi.

Kurudi kwenye faili langu

Nilichora praima jioni ileile. Siku mbili baadaye jeli ilionyesha baba ana ukanda mmoja, wa herufi 420. Mama na mtoto walikuwa na huo, na mwingine juu yake, hafifu, karibu na 750. Tulisoma ule wa juu herufi kwa herufi: AluYa5, mkia wa A arobaini na kitu, marudio ya herufi 15. Ripoti ikaandikwa upya. Daktari aliipokea kwa sentensi moja: alikuwa anajua ugonjwa tangu mwanzo, alichokuwa anakisubiri ni kitu cha kuiambia familia kuhusu mimba inayofuata.

Baada ya hapo nilitoa kabatini mafaili yote yenye maneno "badiliko la pili halikuonekana", nikaanza kuyapitia kwa macho, machache kila wiki. Mengi hayana kihamaji. Lipo moja ambalo bado liko wazi mbele yangu: upande wa kulia kuna mkia wa A usio na shaka, upande wa kushoto kuna mwili wa L1, lakini umetazama nyuma. Hilo nalo hutokea, unakili ukianzia ncha mbili kwa pamoja L1 huingia nusu yake ikiwa imepinduka, na programu zote mbili nilizopitisha zilikataa kulitambua. Nimeomba sampuli ikasomwe kwa vipande virefu. Majibu bado.